Mvumo katika gitaa: mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tunaoishi Kamembe, wilayani Rusizi, katika sehemu ambayo kabla ya mabadiliko ya mwaka 2006 ilikuwa mkoa wa Cyangugu, mawingu hayo tumeyazoea. Asubuhi ziwa Kivu huwa shwari kama kioo. Alasiri anga hujikunja, na kabla mwananchi hajaanua nguo zake kambani, mvua imekwisha fika. Lakini ziko dalili nyingine zisizoonekana kwa macho, ambazo husikika kwa masikio tu. Leo tumekusudia kuwaeleza wasomaji wetu juu ya dalili moja ya namna hiyo, nayo ni ule mvumo unaofanana na sauti ya nyuki ambao hutoka katika spika pindi gitaa la umeme linapounganishwa, hata kabla mpigaji hajagusa uzi.

Huenda msomaji akajiuliza: afisa wa jeshi na mvumo wa gitaa, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Kazi yetu ni uhusiano baina ya jeshi na wananchi, na hakuna mkutano wa wananchi usiokuwa na muziki. Tena majeshi na muziki ni ndugu wa zamani katika Afrika Mashariki. Wapenzi wa dansi hawajaisahau Mwenge Jazz, bendi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wala Polisi Jazz ya nchi hiyo hiyo. Basi afisa anayepanga mkutano hupanga pia jukwaa, spika na mikrofoni, na vikiharibika yeye ndiye anayetazamwa.

Mgeni jukwaani

Ilikuwa Ijumaa jioni, na kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Baada ya kazi za mikono wananchi wangekusanyika katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, wasikilize maelezo, kisha waburudishwe na bendi ya vijana. Sisi tulifika kuhakikisha kwamba vyombo viko tayari.

Ukumbi ule una amplifaya ya zamani, kubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, ambayo kwa miaka mingi imetumika kukuza sauti za wahubiri, wanasiasa na waimbaji. Siku hiyo kijana mpiga gitaa wa solo alikuja na chombo kipya alichokinunua kwa akiba yake ya muda mrefu. Chombo hicho vijana wanakiita modela. Ni mashine ya tarakimu inayoiga sauti za amplifaya nyingi mashuhuri. Hapo kale mpigaji aliyetaka sauti fulani alilazimika kubeba amplifaya yenyewe, pamoja na taa zake za vioo zinazowaka ndani na uzito wake wa kuvunja mgongo. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa chombo kilichoitwa POD, kijisanduku chekundu chenye umbo la figo, ambacho kiliziiga amplifaya hizo kwa hesabu. Mwaka 2011 Kemper ya Ujerumani ikaleta mashine inayoisikiliza amplifaya halisi na kunakili tabia zake. Leo modela ndogo hutosha katika mfuko wa shule, na kijana wa Kamembe anaweza kupiga kwa sauti ambayo zamani ilipatikana katika studio za Ulaya tu.

Kijana akaunganisha waya kutoka modela mpaka kwenye amplifaya ya ukumbi. Papo hapo spika zikanguruma. Haukuwa mluzi, wala haukuwa mchakacho wa waya mbovu. Ulikuwa mvumo mzito, wenye ukali juu yake, uliojaza ukumbi mzima hata tukashindwa kusemezana. Alipochomoa waya ule, kimya. Alipourudisha, nyuki wakarudi.

Kila mtu akatoa hukumu. Wa kwanza akasema modela ni ya bandia. Wa pili akasema mambo ya kompyuta hayapatani na muziki. Mwenye kutunza ukumbi akasema kwa fahari kwamba amplifaya yake haijapata kumsumbua mtu, na ushahidi ni huo: mgeni akiondolewa, kelele inakwisha. Kijana wa watu alisimama ameinamisha kichwa, kama mtuhumiwa asiye na wakili.

Mwishowe mmoja wa wanabendi akatoa dawa. Alisema kwamba mjini Bukavu aliwaona mafundi wakiutibu mvumo wa namna hiyo kwa kukata jino la tatu la plagi, yaani lile linalounganishwa na waya wa ardhi. Akachukua plagi ya modela, akaijaribu kwa kipande cha kuunganishia ambacho hakina jino hilo. Kweli, kelele ikanyamaza. Watu wakapiga makofi. Nasi, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na ratiba ilikuwa inatubana, tukasema neno ambalo leo tunaliandika kwa haya: "Basi kateni, tumalize."

Swali la mzee

Alikuwapo fundi umeme mmoja, mzee wa makamo, aliyekuja kutazama taa za nje. Alisogea taratibu akasema, "Afande, kabla hatujakata, niruhusu niulize swali moja." Tukamruhusu. Hakumwuliza kijana mwenye modela, wala hakumwuliza mtunza ukumbi. Alimgeukia binti mwimbaji, ambaye muda wote alikuwa amekaa pembeni, akamwuliza: "Mwanangu, hicho kitambaa ulichokifunga kwenye mikrofoni ni cha nini?"

Sisi tulikuwa tumekiona kitambaa hicho katika mikutano iliyopita, tukadhani ni pambo. Binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba mikrofoni ile inauma. Midomo yake ikiigusa, hasa anapoimba bila viatu pamoja na wachezaji wa ngoma, hupigwa kama kwa sindano. Aliwahi kulisema jambo hilo, watu wakacheka, wakamwambia ni woga wa jukwaani. Kisha akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyofumbua fumbo lote: "Lakini leo, mzee, tangu hicho chombo kipya kiunganishwe, nimeigusa mara mbili na haikuuma."

Mzee akatikisa kichwa. Aliagiza umeme uzimwe wote, akaenda nyuma ya ile amplifaya ya zamani, akavuta plagi yake kwenye mwanga wa tochi. Jino la ardhi halikuwapo. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno miaka mingi iliyopita, na mkato wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa mweusi.

Hapa inafaa tueleze kwa utaratibu, maana somo zima liko hapo. Ndani ya amplifaya ile, waya mmoja wa umeme ulikuwa umesuguana na ukingo wa bati mpaka ganda lake likalika. Vumbi na unyevu wa ziwa vikafanya daraja kati ya waya na bati, na umeme ukawa unavuja kidogo kidogo kuingia katika mwili wa amplifaya. Kama waya wa ardhi ungalikuwapo, umeme huo ungalishuka ardhini bila kumdhuru mtu. Kwa kuwa haukuwapo, umeme ulikaa juu ya bati ukingoja njia. Mwili wa mikrofoni umeunganishwa na bati hilo kwa ngao ya waya wake. Basi binti aliyesimama kwa miguu mitupu juu ya saruji alikuwa ndiye njia.

Siku ile akaja mgeni. Modela ya kijana ilikuwa na plagi nzima, iliyochomekwa katika soketi yenye ardhi iliyo sawasawa. Waya wa sauti ulipoziunganisha mashine mbili, umeme uliokuwa unavuja ukapata njia mpya: ukapita katika ngao ya waya wa sauti, ukaingia katika modela, ukashuka ardhini. Mikrofoni ikaacha kuuma. Lakini umeme wa namna hiyo ukipita katika ngao ya waya wa sauti huacha alama yake, na alama hiyo ndiyo ule mvumo. Modela haikuleta ubovu. Ilikuwa imeubeba ubovu wa mwenyeji, na kwa kuubeba ikapiga kelele.

Tufikiri sasa kile tulichokuwa tumeamrisha. Kama tungaliukata waya wa ardhi wa modela, kelele ingalinyamaza, maana umeme ungalikosa njia tena. Gitaa, modela, mikrofoni na amplifaya, vyote vingalikaa na umeme mwilini, katika kimya kizuri. Kesho yake mvua ingenyesha, kama ilivyonyesha kweli, saruji ingaliloa kwa nyayo za watu, na binti yule angalisimama mbele ya wananchi mamia kadhaa.

Mzee alitenganisha mashine zile, akapima kwa mita kati ya bati la amplifaya na ardhi, ikasoma zaidi ya volti 180. Akatuambia kwamba mita peke yake yaweza kudanganya, kwa kuwa hata mashine nzima isiyo na ardhi huweza kuonyesha volti nyingi zisizo na nguvu nyuma yake. Kwa hiyo alijaribu kwa taa ndogo ya wati 15, nayo ikawaka kwa wekundu. Umeme unaoweza kuwasha taa, japo kwa unyonge, unaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana zile swichi za usalama zinazotambua umeme unaovuja hutengenezwa ili zikate unapofika kiasi cha miliampea 30. Ukumbi ule haukuwa na swichi ya namna hiyo.

Wala tusidhani kwamba ni hofu tupu. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa mikrofoni akiwa jukwaani, akafa kwa umeme. Mwezi wa Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake Uingereza akipiga gitaa la umeme ambalo halikuunganishwa na ardhi ipasavyo. Hao walikuwa watu mashuhuri wa nchi zenye mafundi wengi. Yaliyowapata wao yanaweza kumpata mtu yeyote, mahali popote penye plagi iliyokatwa jino.

Namna ya kumtafuta mwizi

Baada ya tukio hilo tulirudi mara kadhaa kwa mzee yule na kwa kijana mwenye modela, tukajifunza utaratibu ambao tunauleta hapa kwa faida ya bendi, kwaya na shule zetu. Si kila mvumo ni hatari. Aliye wengi ni mwizi mdogo tu. Lakini wote hutafutwa kwa njia moja: kugawa uwanja nusu kwa nusu, mpaka ibaki sehemu moja tu ya kujificha.

Kwanza, sikiliza kelele inatoka lini. Ikiwa inasikika wakati hupigi kitu, ni mvumo wa umeme au wa hewani. Ikiwa inasikika pale tu unapopiga uzi, na ukinyamaza inanyamaza, hiyo ni habari nyingine. Huenda sauti imeingia kwa nguvu kupita kiasi ikapasuka. Hapo punguza kiwango cha kuingilia au cha kutokea. Au huenda umezima ndani ya modela ile sehemu inayoiga sanduku la spika, huku umeiunganisha na spika za ukumbi. Gitaa lisilopitishwa katika sanduku la spika, la kweli au la kuigwa, hulia kama nyuki ndani ya kopo. Na ikiwa ni mchakato wa kukatikakatika unapotumia kompyuta, mara nyingi kompyuta ndiyo iliyozidiwa na hesabu. Ongeza nafasi ya akiba ya sauti katika programu.

Pili, utambue mvumo kwa sikio. Umeme wetu, ukiwa ni pamoja na ule unaozalishwa na mitambo ya mto Rusizi, wa kwanza ukiwa ni wa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili ukiwa ni wa mwaka 1989, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mvumo wake basi huwa ni wa mizunguko 50, au 100 ambayo ni maradufu yake, pamoja na nyinginezo za juu zinazoupa ukali. Mpiga gitaa hana haja ya chombo cha kupimia. Na abane uzi wa sita, ule mnene, kwenye nafasi ya tatu. Noti hiyo ni sol ya mizunguko 98. Ikiwa mvumo unakaribiana nayo, ukiwa juu yake kidogo tu, huyo ni umeme wa ukutani. Ikiwa mnatumia jenereta na mvumo unapanda na kushuka kadiri injini inavyohema, chanzo ni jenereta. Ikiwa ni mlio mwembamba unaobadilika unapoigusa kompyuta, tazama waya wa USB na chaja. Na ule mlio wa kudonadona, di-di-di, mara nyingi ni simu iliyowekwa karibu na waya.

Tatu, punguza kitasa cha sauti cha gitaa mpaka mwisho. Mvumo ukikoma, umeingilia katika gitaa lenyewe. Usipokoma, chomoa waya wa gitaa kwenye modela. Ukikoma sasa, waya ndio mbovu. Ukiendelea, sikiliza modela peke yake kwa spika za masikioni, bila kuiunganisha na chombo kingine chochote. Ikiwa kimya, modela haina kosa, na kosa liko katika muungano wake na wenzake. Jaribio hilo la mwisho huchukua dakika moja. Kama sisi tungalilifanya siku ile, tusingalimwaibisha kijana mbele ya watu.

Nne, kwa mvumo unaotoka katika gitaa: simama mahali pamoja ujizungushe polepole. Ukiona upande mmoja mvumo unapungua na upande mwingine unazidi, ni zile sumaku za chini ya nyuzi, zilizozungushiwa waya mmoja, zinazonasa mawimbi ya transfoma, taa na swichi za kufifiza mwanga. Sogea mbali navyo. Ugonjwa huo ni wa asili, nao ndio uliomfanya mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson, mwaka 1955, abuni sumaku yenye koili mbili zilizopingana, ili mvumo wa moja uumeze mvumo wa nyingine. Tena kumbuka kwamba modela ikiigiza amplifaya kali huikuza sauti ndogo ya gitaa mara elfu na zaidi, na mvumo nao hukuzwa pamoja nayo. Kupunguza ukali kidogo aghalabu ni dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Tano, tazama chakula cha mashine. Modela ndogo nyingi hutumia adapta. Adapta isiyo yake, yenye volti sawa lakini miliampea pungufu, au moja inayogawiwa vyombo vingi, huleta mlio. Kwa kompyuta, chomoa chaja utumie betri kwa muda. Mlio ukikoma, umempata mhusika.

Sita, kwa mvumo unaozaliwa pale mashine mbili zinapoungana: zichomeke zote katika chanzo kimoja cha umeme, chenye ardhi moja. Mara nyingi jukwaa huchukua umeme upande huu wa ukumbi, na mikisa upande ule. Ardhi mbili zisizo sawa zikiunganishwa kwa waya wa sauti hufanya mzunguko, na mzunguko huo huvuma. Kama umbali haukwepeki, tumia kile kisanduku cha DI chenye transfoma ndani. Kina swichi ya kutenganisha ardhi, nayo inaruhusiwa, kwa sababu hukata ngao ya waya wa sauti tu. Waya wa ardhi wa umeme haukatwi kamwe. Msomaji akisahau yote mengine, asilisahau hilo.

Saba na mwisho, kile kizuia kelele kilichomo ndani ya modela. Vijana wengi hukianza hicho kabla ya yote. Ni chombo kizuri, lakini kazi yake ni kufunga mlango wakati hupigi. Ukianza kupiga, mlango hufunguka na kelele huingia pamoja na muziki. Kukitumia kabla ya kutafuta chanzo ni sawa na kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anapiga mayowe usiku. Kitumike mwisho kabisa, kwa ule mchujo mdogo unaobaki.

Na pale ambapo mtu amepigwa au ametekenywa na umeme kwa kugusa mikrofoni, nyuzi au bati, hatua zote hizo zisimamishwe. Zimeni umeme, mwiteni fundi. Jambo hilo si la mpiga gitaa tena.

Sehemu yetu hii

Kuna sababu nyingine ya kuuheshimu waya wa ardhi katika wilaya yetu. Mashariki ya Kongo, ng'ambo tu ya ziwa letu, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, nasi tu majirani wake. Waya wa ardhi wa jengo ukiwa mzima husaidia vifaa na watu. Lakini radi zikikaribia, busara ni kusimamisha muziki na kuchomoa plagi zote ukutani. Hakuna modela wala amplifaya inayostahimili radi, na hakuna wimbo usioweza kungoja nusu saa.

Vilevile tungependa kuwashauri wenye kumbi, makanisa na shule: wiki hii, umeme ukiwa umezimwa, kagueni plagi za vyombo vyenu vya zamani. Zile zilizokatwa jino, zibadilishwe. Plagi mpya bei yake ni ndogo kuliko ya soda chache za wageni. Mwiteni fundi apime kama soketi zenu zimeunganishwa kweli na ardhi, maana ziko soketi zenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya. Kama uwezo upo, wekeni ile swichi ya kukata umeme unaovuja.

Usiku ule mzee alifanya kazi mpaka saa nne. Alibadilisha waya uliolika, akaisafisha na kuikausha amplifaya, akaifunga plagi mpya ya meno matatu, akazichomeka mashine zote mbili katika soketi moja. Akapima tena, na taa yake ndogo haikuwaka. Kisha kijana akaunganisha modela. Tulisikia mchujo mwembamba tu, kama pumzi ya mtu aliyelala, na kizuia kelele kikaumaliza huo pia.

Chuoni, tulipokuwa makadeti, tulifundishwa kwamba kabla ya kufyatua risasi sharti umtambue unayemlenga. Somo hilo tulidhani tumelielewa. Lakini ukumbini Kamembe tulikuwa tumekwisha mlenga mgeni asiye na hatia, kwa sababu tu kelele ilianza alipoingia, huku kikulacho kikiwa nguoni mwetu kwa miaka. Na aliyekuwa na habari kamili ya adui alikuwa ni binti mmoja aliyekaa pembeni, ambaye alikwisha kutuambia, nasi tukacheka. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, na kijana naye tukamwomba.

Kesho yake mvua ilinyesha kuanzia saa nane, kama kawaida ya Rusizi, na wananchi waliingia ukumbini na matope yao ya umuganda. Bendi ilipiga. Binti alipofika mbele ya mikrofoni alisita kidogo, akaitazama, kisha akakifungua kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni, akaimba.